Harufu Iitayo Wadudu: Dumuzi wa Mahindi na Mtego wa Chambo katika Kajiado

Wadudu wengi hupashana habari kwa harufu. Harufu hizo ni haba mno, hata pua ya mwanadamu haiwezi kuzitambua, lakini kwa wadudu wa namna moja huwa ni mwaliko, au amri, au onyo. Wataalamu huziita feromoni, jina lililotungwa mwaka wa 1959 na Peter Karlson na Martin Lüscher kutokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya kuchukua na kuamsha. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa wale wa Loitokitok, Namanga, Isinya na Kitengela, jinsi harufu ya namna hiyo inavyomwita mdudu aharibuye mahindi, aitwaye dumuzi, na jinsi mtu awezavyo kuitwaa harufu ile ile akaifanya chambo cha mtego. Tena twataka kueleza jambo ambalo ni rahisi kusahauliwa: mtego huo una kazi yake maalum, na mwenye ghala akiutumia kwa kazi isiyo yake aweza kujiletea hasara kwa mkono wake mwenyewe.

ELIMU HII ILITOKA MISITUNI

Katika nchi za baridi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuna mbawakawa wadogo, wengi wao hawauzidi urefu wa punje ya mchele, ambao hukaa chini ya magome ya misonobari na miti ya jamii yake. Mti wenye afya si mnyonge mbele yao. Mbawakawa mmoja akitoboa gome, mti humwaga utomvu mzito, na mdudu yule husukumwa nje au huzama papo hapo. Lakini wakija kwa mamia siku moja, mti haupati utomvu wa kuwatosha wote. Hushindwa, hukauka, na watoto wa mbawakawa hulelewa chini ya gome lililokufa. Kwa hiyo uhai wao wategemea kufika pamoja, na ili wafike pamoja sharti mmoja aite.

Mwito wenyewe ulikuwa fumbo kwa miaka mingi. Mwaka wa 1966 wataalamu watatu wa Marekani, Robert Silverstein, Joseph Rodin na David Wood, walitangaza ya kwamba wamekwisha kuutambua mwito wa mbawakawa mmoja wa misonobari ya California. Walikusanya unga unaotupwa nje na madume wanapotoboa mti, yaani vumbi la mbao lililochanganyika na kinyesi, wakatoa ndani yake vitu vitatu. Kila kimoja peke yake kilikuwa na nguvu kidogo. Vilipochanganywa, mbawakawa walikuja kwa wingi. Baadaye iligunduliwa pia ya kwamba mti ukishajaa, wadudu wa magome hutoa harufu nyingine iwaambiayo wale walio njiani kwamba hapana nafasi tena, watafute mti mwingine. Msomaji aliweke akilini jambo hili la mwito kunyamaza, kwa maana tutalirudia tutakapofika kwenye mahindi.

Watu walipokwisha kujua harufu hizo waliona njia nyepesi: tengeneza harufu kiwandani, itie katika mitego, na maliza wadudu. Norway ndiyo iliyojaribu kwa ukubwa kuliko wote. Ukame na dhoruba vilikuwa vimeidhoofisha misitu yake, na mbawakawa walikuwa wameongezeka kupita kiasi. Mwaka wa 1979 mitego ipatayo 600,000 ilitundikwa, ikanasa mbawakawa zaidi ya milioni elfu mbili, na mwaka uliofuata ikanasa wengi zaidi. Hesabu hiyo yatisha. Hata hivyo wataalamu wamebishana tangu siku zile kama ni mitego iliyoiokoa misitu, au ni mambo mengine, kama vile kukatwa na kuondolewa kwa miti iliyokwisha kuingiliwa. Kunasa wadudu wengi si lazima kuwe ni kuwapunguza wale waliobaki.

Yafaa kutaja kwa ufupi ya kwamba si kila mdudu wa ukoo huo hunaswa kwa feromoni. Katika Kenya ndugu wa karibu wa mbawakawa wa magome ni yule mdudu mdogo mweusi atoboaye matunda ya kahawa. Yeye hutegwa kwa mchanganyiko wa ethanoli na methanoli katika mtego wenye rangi nyekundu. Hiyo si harufu ya mwenziwe, ila ni harufu ya kitu kinachochacha.

WATU WA NGURUMAN NA MBUNG'O

Hatuna haja ya kwenda Norway kutafuta mfano wa mitego ya harufu. Katika Kajiado yenyewe, magharibi ya ziwa Magadi, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kuna Nguruman. Hapo Ewaso Ng'iro hupita ikielekea kusini, na vichaka vya kando yake ni makao ya mbung'o wa namna mbili, ambao huwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilifanya kazi kubwa huko katika miaka ya 1980.

Mbung'o hamfuati mbung'o mwenziwe kwa harufu kutoka mbali, bali humfuata mnyama atakayemnyonya damu. Kwa hiyo chambo chake ni harufu ya mnyama. Owaga, mtafiti wa ICIPE, alionyesha mwaka wa 1984 ya kwamba mkojo wa nyati huwavuta mbung'o sana, na baadaye ilijulikana ya kwamba ndani ya mkojo wa wanyama wa jamii ya ng'ombe vitu vifanyavyo kazi hiyo ni vya aina ya fenoli. Basi mtego wa Nguruman ulishonwa kwa nguo ya buluu na nyeusi, na kando yake pakawekwa mkojo wa ng'ombe pamoja na dawa iitwayo asetoni. Mbung'o hufuata harufu, huona rangi, huingia chini ya nguo, hupanda kuelekea kwenye mwanga, na huko juu hufungwa katika mfuko wa plastiki mpaka jua limwue. Nguo ilishonwa papo hapo Nguruman. Mkojo haukununuliwa, kwa kuwa Mmasai hakosi ng'ombe.

Mwaka wa 1987 mitego hiyo iliwekwa katika eneo la karibu kilomita 100 za mraba, na wenyeji wa Olkiramatian walishiriki katika kazi. Mbung'o walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kuliko wale waliokuwa nje ya eneo. Hapo mitego ilipunguza wadudu kweli, wala si kuwahesabu tu, na sababu yake yaeleweka. Mbung'o jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati, na kila baada ya siku tisa au kumi hivi, kwa hiyo wachache wakifa kila siku, ukoo mzima hurudi nyuma. Lakini hata huko mvua ziliponyesha wageni waliingia kutoka nje ya mstari wa mitego, na ilionekana wazi ya kwamba kazi hiyo haina mwisho: nguo huchanika, mkojo hukauka, na nyasi zisipofyekwa huufunika mtego.

Tumeyaeleza hayo kwa kirefu kwa sababu watu husema, "Mitego ilifaa Nguruman, basi itafaa ghalani." Hapo ndipo mtu hukosea. Dumuzi si mbung'o. Jike lake hutaga mayai mengi, na watoto hukua upesi: mahali penye joto na unyevu, safari ya kutoka yai mpaka mbawakawa kamili humalizika kwa muda wa chini kidogo ya mwezi mmoja.

DUMUZI NI NANI?

Dumuzi si mzaliwa wa Afrika. Kwao ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania katika miaka ya mwisho ya 1970, akatambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka wa 1983 alionekana Taveta, upande wa Kenya. Msomaji aitazame ramani. Kutoka Taveta kwenda Rombo na Illasit, katika Loitokitok, ni safari fupi chini ya mlima Kilimanjaro. Watu wengine humwita Scania, kwa kumfananisha na lori kubwa lisilozuilika, na wengine katika Kenya humwita Osama. Majina hayo yaonyesha vya kutosha jinsi alivyopokewa.

Urefu wake ni milimita tatu hadi nne na nusu. Mwili ni wa mviringo kama kipande cha kalamu ya risasi, rangi yake kahawia iliyoiva, na nyuma amekatika kana kwamba amepigwa panga. Ukimtazama kutoka juu huoni kichwa, kwa maana kimeinama chini ya kifua. Si wa ukoo wa mbawakawa wa magome, lakini anafanana nao kwa umbo na kwa desturi, kwa sababu jamaa zake nao ni watoboaji wa miti. Ulimi wa mahindi aliujua baadaye. Katika Kenya watafiti wameonyesha ya kwamba aweza kuzaliana ndani ya matawi makavu ya baadhi ya miti ya nyika, na mitego iliyowekwa porini, mbali na shamba lo lote, imemnasa.

Ghalani hupenda mahindi yaliyo bado magunzini, kwa kuwa punje zilizoshikamana humpa mahali imara pa kuegemea anapotoboa. Hula punje, hula gunzi, hula muhogo mkavu, tena hutoboa mbao za ghala lenyewe. Alama yake ni unga. Fukusi wa kawaida hutoboa punje na kuiacha ina umbo lake, lakini dumuzi huisaga. Huko Tabora watafiti waliyapima mahindi ya wakulima, wakakuta ya kwamba katika maghala yaliyoharibika zaidi uzito uliopotea ulifika asilimia 34 baada ya miezi mitatu hadi sita. Mtu aliyeweka magunia kumi ya kilo 90 akipata hasara kama hiyo, matatu yamekwisha kuwa vumbi kabla watoto hawajafunga shule. Na zile punje zilizobaki, zikiwa na matundu, hupata ukungu kwa urahisi ikiwa zina unyevu.

DUME HUITA, KISHA HUNYAMAZA

Sasa twafika kwenye kiini cha somo letu. Kwa nondo wengi, jike ndiye aitaye na dume ndiye ajaye. Kwa dumuzi mambo ni kinyume. Dume akipata chakula kizuri hutulia hapo, hutoboa, na hutoa feromoni yenye vitu viwili, ambavyo wataalamu waliviita Trunc-call 1 na Trunc-call 2. Wanaokuja si majike tu. Madume nao huja, kwa maana mwito huo hausemi tu "Hapa pana mume," bali wasema pia "Hapa pana chakula."

Ajabu yake ni kwamba harufu ya mahindi yenyewe haimvuti dumuzi kutoka mbali. Watafiti waliweka chambo cha mahindi na cha muhogo bila feromoni, wakaona ya kwamba dumuzi arukaye hewani haigeukii harufu hiyo. Basi yule wa kwanza hupataje ghala? Kwa bahati tu. Huruka, hutua, hujaribu, na akikosa huruka tena. Lakini akifika dume mmoja tu na kuanza kuita, bahati imekwisha, na ule uliobaki ni mwaliko. Hii ndiyo sababu mojawapo ghala moja huliwa hata likabaki magunzi matupu, na la jirani, lililojengwa kwa miti ile ile na kujazwa siku ile ile, likapona. Jambo hilo limewatia watu wengi mashaka juu ya jirani zao, bila haki.

Jike akishafika kwa dume, dume huacha kuita, au hupunguza mwito wake sana. Amepata alichotaka, na kuendelea kuita ni kujiletea wapinzani. Kwa hiyo ghala lenye dumuzi wengi waliokwisha kuoana laweza kuwa kimya kwa harufu, na huku linaliwa usiku na mchana. Kutoka hapo dumuzi vijana huondoka wakati wamesongamana na chakula kimeharibika, wakaenda kutafuta mahali pengine. Huruka zaidi magharibi jua linapozama, na kidogo alfajiri.

Chambo cha mtego ni kama dume asiyenyamaza kamwe. Kichupa kidogo cha plastiki chenye vile vitu viwili hutoa harufu mchana kutwa na usiku kucha, wala hakuna jike awezaye kukinyamazisha. Ndiyo maana chambo kina nguvu. Lakini kutokana na hayo msomaji ataona mara moja mambo mawili. Kwanza, mtego huwahesabu dumuzi walio hewani, wala hauwezi kukuambia ni wangapi walio ndani ya ghala lako, kwa maana walioolewa na kushiba hawana haja ya kuruka. Pili, wengi huvutwa na harufu lakini hawaingii mtegoni. Huja mpaka karibu, hupotea njia hatua za mwisho, na kutua juu ya kitu cho chote kilicho jirani. Kama kilicho jirani ni ghala lako, umewaita wezi na kuwaonyesha mlango.

NAMNA YA KUUTUNDIKA

Mitego itumiwayo ni ya aina mbili hasa. Ya kwanza ni ya karatasi ngumu iliyokunjwa kama paa la nyumba, na ndani yake kuna gundi. Ni rahisi kwa bei, lakini vumbi la Kajiado huimaliza gundi upesi. Ya pili ni ya vikombe vyeusi vya umbo la mrija wa kumiminia mafuta, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na chini kabisa pana chombo cha kupokea wadudu. Huu ulibuniwa Canada na mtaalamu aitwaye Lindgren, aliyeutangaza mwaka wa 1983 kwa ajili ya mbawakawa wa magome. Kwa mbali waonekana kama shina la mti, mdudu hujigonga hapo na kuanguka. Mimi naona huu wa pili wafaa zaidi mahali pa upepo na vumbi, ingawa gharama yake ni kubwa kwa mtu mmoja, na ni afadhali kikundi cha wakulima au wenye maghala kiununue pamoja.

Mtego utundikwe juu ya tawi au mti wa kusimamisha, kimo cha kifua cha mtu au zaidi kidogo, na uwe mbali na ghala au shamba la mahindi kwa mita 100 kwa uchache. Chambo kibadilishwe kila baada ya wiki mbili, kwa maana harufu ikiisha mtego huwa ni pambo tu, na mwenye kuuangalia hudhani ya kwamba dumuzi wamekwisha. Chambo kipya kisiguswe kwa mkono uliokwisha kushika mahindi au dawa, na kile cha zamani kisitupwe hapo chini ya mtego wala karibu na ghala.

Kitengela yahitaji maneno yake peke yake. Zamani yalikuwa malisho, na wanyama wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi walitoka kwenda huko wakati wa mvua. Siku hizi ni mji wa nyumba na maduka, ambao watu wake hununua mahindi zaidi ya kuyalima. Umo katika barabara itokayo Athi River kwenda Namanga, na kwa barabara hiyo malori ya mahindi hupita kutoka Tanzania. Mwezi wa Machi mwaka wa 2021, Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi ya nchi jirani kwa sababu ya sumu ya ukungu, malori yalikwama mpakani Namanga, na kila mtu akaona jinsi biashara ile ilivyo kubwa. Dumuzi huruka kwa mbawa zake, lakini safari zake ndefu amezifanya ndani ya magunia na magunzi ya watu. Kwa mji kama huo, mitego michache iliyowekwa mahali pa wazi, si penye maghala, huweza kuonyesha miezi ambayo wadudu huongezeka. Ila idadi hiyo isomwe kwa akili. Dumuzi aliyenaswa Kitengela huenda alishuka kwenye lori jana, na huenda alizaliwa katika tawi kavu la mti wa nyikani na hajaonja hindi maishani mwake. Mtego hautuambii alikotoka.

Kazi ya mtego, basi, ni kutoa habari. Huko Ghana watafiti walilinganisha idadi ya dumuzi walionaswa kila wiki na hali ya hewa, ili waweze kujua mapema mwaka ulio wa hatari na kuwaonya wakulima. Hiyo ndiyo matumizi mema. Idadi ikianza kupanda wiki kwa wiki, mwenye mahindi asikae kuutazama mtego, bali alifungue ghala. Atoe magunzi machache ya juu, ya katikati na ya chini, ayagonge juu ya karatasi nyeupe na atazame kama unga umeanguka. Palipoonekana unga, mahindi yale yaliwe au yauzwe kwa kusagwa kwanza. Yaliyo mazima yapukuchuliwe, yaanikwe yakauke barabara, na kama yatawekwa kwa muda mrefu yatiwe katika kihenge cha bati au katika mifuko isiyopitisha hewa, iliyofungwa sawasawa. Dumuzi aweza kutoboa plastiki, kwa hiyo mfuko ufungwe mapema, kabla wadudu hawajawa wengi. Akikosa hewa hufa.

Wale watumiao dawa ya unga wajue jambo moja. Dawa za jamii ya pirimifosi, ambazo huua fukusi vizuri, dumuzi huzistahimili. Dawa za jamii ya pairethroidi humwua dumuzi, lakini fukusi huweza kuzistahimili. Ndiyo sababu dawa nzuri za mahindi huwa na vyote viwili, na mtu anayenunua unga uliopimwa kwa kijiko sokoni, bila pakiti wala maandishi, hajui amenunua nini. Dawa itiwe katika punje zilizopukuchuliwa. Kuinyunyiza juu ya magunzi yaliyorundikwa hakumfikii mdudu aliye ndani ya shimo lake.

ADUI WA DUMUZI NAYE HUSIKIA MWITO

Limebaki jambo moja, na kwa maoni yetu ndilo la maana zaidi kwa yule ambaye bado anafikiri kuwanasa dumuzi wote kwa mitego. Kule Mexico na Amerika ya Kati dumuzi ana adui, mbawakawa mdogo mweusi mwenye kung'aa, ambaye jina lake la kitaalamu ni Teretrius nigrescens. Mbawakawa huyu na watoto wake hula mayai na watoto wa dumuzi ndani ya mashimo yao. Hana pua ya mahindi. Humtafuta dumuzi kwa kufuata mwito wa dumuzi mwenyewe, yaani husikiliza mazungumzo yasiyo yake na kuja mezani. Wataalamu walimleta Afrika ya Magharibi, akaachiliwa Togo mwaka wa 1991, na mwaka wa 1992 akaachiliwa Kenya. Mahali pengine ameshika makao na kufanya kazi, ingawa matokeo hayakuwa sawa kila mahali.

Basi chambo kile kile kinachomwita dumuzi humwita na huyu rafiki yetu. Mtego huwakamata wote wawili, na gundi haichagui. Anayetundika mitego ishirini kuzunguka boma lake kwa nia ya kuwamaliza dumuzi huenda anawamaliza wale wanaowala dumuzi usiku ndani ya nyika, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu uwezao kufika.

Kwa hiyo mtego mmoja au miwili yatosha kijiji kizima, na awepo mtu mmoja wa kuiangalia. Kila wiki, siku ile ile, amimine wadudu katika sahani nyeupe, awatenge, na aandike safu mbili katika daftari: dumuzi wa kahawia waliokatika nyuma upande mmoja, na wale weusi wadogo wenye kung'aa upande wa pili. Aandike pia tarehe ya kubadilisha chambo na siku ambazo mvua ilinyesha. Kama idadi ya weusi inapanda pamoja na ya dumuzi, ajue ya kwamba adui yuko kazini. Kama dumuzi wanaongezeka na weusi hawaonekani wiki tatu mfululizo, amwite Bwana Shamba amwonyeshe daftari, na wenye magunzi ghalani waanze kupukuchua.